Asilimia 100 ya CPU Haithibitishi Kwamba Seva Imechoka

Wilaya ya Buhigwe ilimegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, mwaka uleule Kakonko ilipomegwa kutoka Kibondo. Kwa hiyo halmashauri hizi za nyanda za juu za Kigoma zimekulia katika wakati ambao karibu kila shilingi ya umma na kila mgonjwa hupita kwenye kompyuta. Mipango na bajeti huandaliwa kwenye PlanRep, zahanati na shule huandika hesabu zake kwenye FFARS, hospitali na vituo vya afya husajili wagonjwa kwenye GoTHOMIS, takwimu za huduma za afya za MTUHA huingizwa kwenye DHIS2, na tangu mwaka 2023 manunuzi hupita kwenye NeST. Mambo yakienda sawa hakuna anayeuliza mashine zinazobeba mifumo hii ziko wapi wala zina hali gani. Mfumo ukisumbua, mama aliyetoka kijijini alfajiri akiwa na mtoto mwenye homa hukaa kwenye benchi mbele ya dirisha la usajili, huku karani ndani akibonyeza kitufe kilekile tena na tena. Hapo huitwa fundi. Kama seva ni ya Linux, na seva nyingi duniani ni za Linux, fundi hufungua skrini nyeusi, huandika amri ya top, huona CPU imefika asilimia 98 au 100, na kauli hutoka: seva imechoka, inunuliwe nyingine.

Kauli hiyo imeruka hatua. Ninachodai ni kimoja: asilimia ya CPU husema prosesa ilikuwa na shughuli kwa muda gani, haisemi ilifanya kazi kiasi gani, wala ni kitu gani kilichomchelewesha mtu aliyeko kwenye benchi. Anayeitumia namba hiyo peke yake kuomba fedha za umma anaomba bila ushahidi, na anayeidhinisha ombi la namna hiyo anatibu ugonjwa usiopimwa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Buhigwe watu zaidi ya 250,000, wengi wao wakulima wa maharage, mahindi, ndizi, kahawa na tangawizi. Mapato ya ndani ya halmashauri kama hiyo hutegemea sana ushuru wa mazao yao. Seva isiyohitajika imenunuliwa kwa jasho hilo, na baada ya kununuliwa benchi la hospitali linaweza kubaki na foleni ileile.

Tuanze na jinsi namba inavyopatikana, kwa sababu kosa huanzia hapo. Keneli, yaani ile sehemu ya Linux inayogawia kila programu zamu yake kwenye prosesa, hutunza daftari dogo katika faili liitwalo /proc/stat. Humo huandikwa, kwa kawaida katika vipimo vya sehemu ya mia ya sekunde, muda ambao prosesa imetumia kwa kazi mbalimbali tangu mashine ilipowashwa: muda wa programu za watumiaji, muda wa keneli yenyewe, muda wa kukaa bure, muda wa kukaa bure huku kuna programu inayosubiri diski, muda wa kuhudumia vifaa, na muda ambao mashine ya kubuni, yaani seva ya programu tupu inayoishi ndani ya mashine halisi, ilitaka prosesa ikanyimwa na mashine mama. Amri ya top husoma daftari hilo, husubiri sekunde chache, hulisoma tena, kisha hutoa ya kwanza kwenye ya pili. Asilimia unayoiona ni ya kipande hicho kidogo cha muda tu. Ukitumia vmstat, mstari wa kwanza unaotokea ni wastani tangu mashine ilipowashwa, labda miezi mitatu iliyopita, na hauna uhusiano wowote na foleni ya leo. Mistari inayofuata ndiyo ya sasa. Ukitumia ps, asilimia ya kila programu hupatikana kwa kugawa muda wa prosesa iliyoutumia kwa umri wake wote tangu ianze. Hifadhidata iliyohangaika kutwa nzima leo baada ya kutulia miezi miwili inaweza kuonekana humo kama mpole kabisa. Amri tatu, mashine moja, dakika ileile, namba tatu zisizofanana, na zote ni za kweli kwa kile zinachopima. Anayepeleka namba bila kusema imetoka kwenye amri ipi na kwa kipindi kipi hajapeleka kitu.

Hata daftari lenyewe si mizani ya dhahabu. Kwa utaratibu wa zamani, keneli huhesabu kwa kuchungulia: mara 100, 250 au 1,000 kwa sekunde, kutegemea ilivyoundwa, hutazama ni programu ipi iko kwenye prosesa na kuiandikia kipande chote cha muda. Mwaka 2007 watafiti Dan Tsafrir, Yoav Etsion na Dror Feitelson walionyesha kwamba programu inayojua kujiondoa kabla tu ya kuchunguliwa inaweza kula karibu prosesa nzima huku daftari likiisoma kama isiyotumia chochote. Keneli za leo zina njia bora zaidi za kuhesabu, lakini tukio hilo linatukumbusha kwamba asilimia hii ni hesabu iliyobuniwa na watu kwa kanuni fulani, na kanuni inaweza kukosa.

Kisha kuna suala la kori. Prosesa ya leo ina kori kadhaa, nne, nane, au zaidi, na kila kori hufanya kazi kana kwamba ni prosesa inayojitegemea. Juu kabisa ya skrini ya top, asilimia hutolewa kwa kori zote kwa pamoja. Chini, kwenye orodha ya programu, kwa kawaida kila kori moja huhesabiwa kuwa asilimia 100. Ndiyo maana programu moja inaweza kuandikwa asilimia 350 kwenye mashine ya kori nne bila kosa lolote la hesabu, na ndiyo maana mkuu wa idara akionyeshwa namba hiyo hushtuka bure. Hatari kubwa zaidi iko upande wa pili. Programu ambayo haijaandikwa kwa namna ya kugawanya kazi yake hutumia kori moja tu. Ikiijaza kori hiyo kwenye mashine ya kori nne, juu ya skrini utasoma asilimia 25, na anayesoma haraka atasema mashine ina nafasi tele, wakati kazi yenyewe imebanwa hadi mwisho. Ukimnunulia mwenye kazi hiyo seva ya kori 16 zenye kasi ileile, kazi yake itachukua muda uleule, na skrini itasoma asilimia 6. Kubonyeza namba 1 kwenye kibodi ukiwa ndani ya top kunaonyesha kila kori peke yake. Ni kazi ya sekunde moja, na ingezuia makosa mengi.

Sasa tufike palipo na uzito kwa wilaya kama Buhigwe, yaani diski na umeme. Kwenye kona ya juu ya top kuna namba tatu ziitwazo wastani wa mzigo, za dakika 1, 5 na 15. Wazo hili ni la zamani. Mfumo wa TENEX nchini Marekani ulikuwa tayari ukitoa takwimu za namna hiyo mwaka 1973, zikieleza ni programu ngapi ziko kwenye prosesa au zinapanga foleni kuisubiri. Linux ilirithi wazo hilo, lakini mwaka 1993 ikalibadilisha: ikaanza kuhesabu pia programu zilizokwama kusubiri diski. Sababu iliyotolewa ilikuwa nzuri. Bila mabadiliko hayo, ukiweka diski ya polepole zaidi, programu nyingi zingelala zikiisubiri, na wastani wa mzigo ungeshuka wakati mashine imezidi kuwa nzito. Matokeo yake ni kwamba kwenye Linux wastani wa mzigo wa 12 katika mashine ya kori nne unaweza kumaanisha programu 12 zinazogombania prosesa, au programu 12 zinazoisubiri diski huku prosesa imekaa bure kabisa. Mtu aliyefundishwa kwamba mzigo ukizidi idadi ya kori basi CPU haitoshi atasoma 12 na kuandika barua ya kuomba prosesa. Barua hiyo inaweza kuwa imeelekezwa kwenye kifaa kisicho na hatia.

Kwa miaka mingi miji ya Kasulu na Kibondo ilipata umeme wa jenereta za dizeli za TANESCO, kabla ya gridi ya Taifa kufika huku. Hata penye gridi, laini ndefu zinazopita milimani na radi za masika hukata umeme ghafla. Seva ikizimika bila kuagwa, haiamki ikiwa vilevile. Hifadhidata hurudia daftari lake la miamala ili kuhakikisha hakuna rekodi iliyokatika katikati. Kama diski mbili zimefungwa pamoja zibebe nakala ileile, Linux inaweza kulazimika kuzilinganisha upya mwanzo hadi mwisho, kazi ya saa kadhaa kwa diski kubwa. Muda wote huo watumishi wanaingia, kila ombi lao linasubiri diski, wastani wa mzigo unapanda, na mfumo unakuwa mzito asubuhi nzima. Kesho yake umekuwa mwepesi bila mtu kugusa chochote, na kisa kinafungwa kwa maneno kwamba seva ina tabia ya ajabu. Haina tabia yoyote ya ajabu. Umeme ulikatika usiku, na kinachohitajika ni UPS yenye betri nzima na utaratibu wa kuizima seva kwa usalama kabla betri haijaisha.

Kuna betri nyingine ambayo wengi hawajui ipo. Seva nyingi za ofisini zina kadi ya kusimamia diski, na kadi hiyo huwa na kumbukumbu ya haraka inayopokea maandishi kabla hayajafika kwenye diski, ikilindwa na betri ndogo ili umeme ukikatika yasipotee. Betri ikifa, kadi nyingi kwa usalama huacha kutumia njia hiyo ya haraka na kusubiri kila andiko lifike kwenye diski yenyewe. Seva iliyokuwa nzuri mwaka jana inakuwa nzito mwaka huu, programu zilezile, watumiaji walewale. Hakuna namba ya CPU itakayokutajia betri hiyo. Safu ya wa kwenye top, inayoonyesha muda wa kukaa bure huku diski ikisubiriwa, inaweza kukudokezea. Lakini nayo isomwe kwa tahadhari, kwa maana mwongozo wa Linux wenyewe unasema thamani hiyo si ya kutegemewa: ni aina ya muda wa kukaa bure, kwa hiyo kazi nyingine yoyote ikiingia kwenye prosesa, wa hushuka ingawa diski iko polepole vilevile. Mtu anaweza kuitibu wa kwa kuwasha programu isiyo na maana, na hospitali isipate nafuu hata ya dakika moja.

Upungufu wa RAM nao hujificha humohumo. RAM ikijaa, keneli huanza kuhamisha vipande vya programu kwenda kwenye diski na kuvirudisha vinapohitajika. Kila kwenda na kurudi ni kusubiri. Kwenye vmstat kuna safu mbili, si na so, zinazoonyesha uhamisho huo. Zikikaa juu ya sifuri muda mrefu, ugonjwa umejitaja wenyewe. Dawa yake ni kipande cha RAM, au kupunguza kiasi ambacho hifadhidata imeruhusiwa kuchukua, na bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya seva nzima.

Msomaji anaweza kukubali yote hayo na bado akasema: sawa, lakini pale ambapo diski imetulia, RAM ipo, na CPU kweli inasoma asilimia 100 ya muda wa programu, si hapo prosesa imefikia mwisho? Hata hapo jibu si la moja kwa moja. Mwaka 2017 Brendan Gregg, mhandisi aliyekuwa Netflix wakati huo, aliandika kwa nguvu kwamba asilimia ya CPU inapotosha, kwa sababu inahesabu kama shughuli hata ule muda ambao prosesa imesimama ikisubiri data itoke kwenye RAM. Prosesa za sasa zina kasi kubwa kuliko RAM zinazozilisha, na kusoma kitu kisichokuwa kwenye akiba yake ya ndani huifanya prosesa ipoteze mamia ya midundo ikingoja. Keneli haioni kungoja huko. Kwayo programu ilikuwa kwenye prosesa, basi muda wake unaandikwa. Ni kama mashine ya kusaga inayonguruma wakati mahindi yanadondoka punje mojamoja: LUKU inakula uniti kama kawaida, lakini unga hautoki. Amri ya perf inaweza kuhesabu ni maagizo mangapi yametekelezwa kwa kila mdundo wa prosesa. Hesabu hiyo ikiwa chini ya moja kwenye prosesa inayoweza kutekeleza manne kwa mdundo, kuna sababu kubwa ya kushuku kwamba tatizo ni jinsi programu inavyotembea kwenye RAM, na prosesa yenye kasi zaidi itangoja tu kwa kasi zaidi.

Ongeza juu ya hilo joto na mwendo. Prosesa hubadilisha mwendo wake. Ile yenye uwezo wa gigahezi 3.2 inaweza kuwa imeshushwa hadi megahezi 800 ili kutunza umeme, au kwa sababu feni imezibwa na vumbi la kiangazi na joto limepanda. Asilimia 100 ya megahezi 800 ni robo tu ya uwezo wa mashine, lakini top huandika 100 ileile bila kutofautisha. Na pale prosesa inapoigawa kila kori halisi kuwa mbili za kuonekana, asilimia 50 haimaanishi kwamba nusu ya nguvu imebaki; mara nyingi kilichobaki ni kidogo kuliko hapo. Brashi ya kufutia vumbi na mpangilio sahihi wa mwendo wa prosesa havihitaji zabuni.

Hoja ya kwanza nitakayopingwa nayo ni kwamba haya ni mambo ya jana, kwa sababu mifumo mingi ya Serikali sasa imehamia kwenye vituo vikuu vya data, na Buhigwe hutumia kivinjari tu. Kwa sehemu ni kweli, na mwelekeo ni mzuri. Lakini ukweli huo unaipa hoja yangu nguvu zaidi. Kutoka Buhigwe hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 1,000 kwa mstari ulionyooka, na njia halisi ya data ni ndefu kuliko hapo. Kompyuta ya mezani ikionyesha CPU asilimia 4 wakati karani anangoja, basi kungoja kuko njiani au upande wa pili, na kununua kompyuta mpya kwa ajili ya dirisha la usajili ni kutupa fedha. Na huko upande wa pili, seva nyingi sasa ni mashine za kubuni zinazogawana chuma kimoja. Humo kuna safu ya st, inayoonyesha muda ambao mashine ya kubuni ilitaka prosesa ikanyimwa kwa sababu jirani zake walikuwa wanaitumia. Mashine inaweza kujiona imejaa wakati imepewa mgao mdogo tu. Tiba yake ni mazungumzo na anayegawa, na namba ya st ndiyo hoja ya kuwekwa mezani. DHIS2, yenye chimbuko Afrika Kusini na iliyokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, kwa kawaida huwekwa kwenye seva za Linux zenye hifadhidata ya PostgreSQL. Siku za mwanzo wa mwezi, ripoti za MTUHA zinapoingizwa kutoka kila pembe, swali la maana ni kama hifadhidata inaandaa majedwali ya uchambuzi saa zilezile watu wanapoingiza takwimu. Kuihamishia kazi hiyo usiku hakugharimu kitu, na prosesa ikisoma asilimia 100 saa nane za usiku ikitayarisha majedwali hayo, huo ni uchumi mzuri: mashine iliyolipiwa inafanya kazi watu wamelala.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Watasema muda wa mtaalamu ni ghali, wataalamu wa TEHAMA katika wilaya za pembezoni ni wachache, na badala ya kuhangaika wiki nzima na safu za top ni nafuu kununua seva kubwa na kumaliza. Kwenye kampuni kubwa za mijini hoja hii huwa na mashiko, na siibezi. Kinachoiangusha huku ni mambo mawili. Seva mpya si kitu cha wiki moja: lazima iwemo kwenye bajeti, ipite kwenye NeST, isafirishwe hadi Kigoma, ifungwe, data ihamishwe, na hapo katikati benchi linaendelea kujaa. Uchunguzi niliouorodhesha hapo juu ni kazi ya asubuhi moja kwa mtu anayejua anatafuta nini. Jambo la pili ni kwamba seva kubwa haitibu umeme unaokatika, haitibu betri ya kadi iliyokufa, haitibu mtandao wa mbali, haitibu programu ya kori moja. Inatibu upungufu wa prosesa pekee. Ukiinunua bila kujua kama huo ndio upungufu wenyewe, umekwenda kwenye bahati nasibu kwa fedha za wananchi, na ukishindwa, mwaka wa fedha unaofuata utarudi kuomba nyingine kwa namba ileile.

Wengine watasema kiongozi si fundi, anahitaji namba moja rahisi ili aamue, na asilimia ya CPU ndiyo namba anayoielewa. Naiheshimu haja ya kiongozi ya kupewa jambo fupi. Ila urahisi wa namba usitufanye tumpe namba isiyojibu swali lake. Swali la mkurugenzi na la diwani ni moja: watu wanachelewa kiasi gani, na kwa sababu ya nini? Tangu Linux toleo la 4.20, lililotoka Desemba 2018, keneli ina kipimo kinachokaribia sana kulijibu swali hilo, kilichotengenezwa na Johannes Weiner alipokuwa Facebook. Kipo kwenye mafaili matatu ndani ya /proc/pressure, moja la CPU, moja la RAM, moja la diski. Kila faili husema ni asilimia ngapi ya muda, katika sekunde 10, sekunde 60 na dakika 5 zilizopita, kulikuwa na kazi iliyosimama kwa kukosa kitu hicho. Namba hizi hazipimi shughuli, zinapima kungoja. Shinikizo la CPU likiwa asilimia 2 na la diski asilimia 60, hata asiyejua kompyuta anaelewa fedha ziende wapi. Kama kiongozi anataka namba fupi, apewe hizi tatu.

Nami sikatai kwamba kuna siku prosesa ndiyo mkosaji. Kituo kinapoongezewa idara, watumiaji wakaongezeka maradufu, mashine ileile ya kori mbili iliyotosha miaka ya mwanzo itazidiwa kweli, na kumnyima fundi seva hiyo kwa kisingizio cha kuchunguza zaidi itakuwa dhuluma ya aina yake kwa wagonjwa. Ninachotaka ni ombi lake liwe na uzito usiopingika. Kifurushi cha sysstat, kilichoandikwa na Sébastien Godard na kupatikana bure, kikishawashwa huandika hali ya mashine kila dakika 10, usiku na mchana, na amri ya sar huzisoma kumbukumbu hizo baadaye. Hakihitaji fundi akae mbele ya skrini kusubiri tatizo litokee. Tatizo linajiandika lenyewe, pamoja na saa yake. Sera ya TEHAMA ya halmashauri ingeweza kudai sharti moja tu kabla ya ombi la seva kufika kwenye kikao: kumbukumbu za sar za mwezi mzima, zikiwemo siku za ripoti za MTUHA na angalau siku moja umeme ulipokatika, zikionyesha kila kori peke yake, uhamisho wa RAM, muda wa diski na safu ya st. Mamlaka ya Serikali Mtandao ina nguvu, chini ya Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, ya kutoa miongozo kwa taasisi za umma nchi nzima, na sharti kama hili lingefaa Kibondo na Kasulu sawasawa na Buhigwe. Mkaguzi naye angekuwa na karatasi ya kukagua, badala ya kauli ya seva imechoka.

Na kumbukumbu hizo zikionyesha kwamba kori zote zinajaa kazi za programu saa za huduma siku baada ya siku, kwamba prosesa inakwenda kwa mwendo wake kamili, kwamba foleni kwenye safu ya r ya vmstat inazidi idadi ya kori na haishuki hadi jioni, huku diski, RAM na mtandao vikiwa vimetulia, basi Baraza la Madiwani lipitishe ununuzi huo katika kikao hichohicho, bila kuahirisha.